Appease, placate, pacify: maneno haya hayalingani

Kazi yangu ni kupitia ripoti na barua za Kiingereza kabla hazijatumwa, na kuna sentensi moja inayonijia mezani kwa sura mbalimbali kila mara: "We gave the guest a free dinner to appease her." Mgeni kalalamika kwamba maji ya moto hayatoki, meneja kampa chakula cha jioni cha bure, na sasa mwandishi anataka kueleza kuwa mama yule alitulizwa. Akifungua kamusi anakuta tuliza ni appease. Anakuta pia ni placate, ni pacify, ni soothe, ni calm. Basi anachukua lile linalosikika la kisomi zaidi, na ripoti inaondoka.

Nikilikata neno hilo huwa naulizwa, "Kwani maana si ile ile?" Hapana, si ile ile, na jambo hili si dogo. Kwa appease, msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba mgeni alikuwa mkorofi, kwamba madai yake pengine hayakuwa na msingi, na kwamba hoteli ilimpa kitu ili tu anyamaze. Ikiwa mgeni huyo alilipia chumba chenye maji ya moto na hakuyapata, ripoti imemsingizia. Tena imemchafua na meneja, ambaye alitaka kurekebisha kosa na sasa anaonekana mtu wa kuhonga wateja.

Waswahili tunayajua haya vizuri sana kwa lugha yetu. Kumbembeleza mtoto, kumrai mzee aliyenuna, kumlainisha ofisa na kumziba mdomo shahidi ni vitendo vinne, na hakuna anayevichanganya. Anayesema "walimlainisha" tunajua anatuhumu. Kwa nini basi tukifika kwenye Kiingereza tukubali kwamba neno lolote litafaa mradi kamusi imeliweka kwenye mstari mmoja na mengine?

Appease lenyewe lilizaliwa safi. Limetoka katika Kifaransa cha kale, na ndani yake mna neno la amani. Hadi miaka ya 1930 wanasiasa wa Uingereza walilitamka bila haya kama sera ya busara. Kilicholiharibu ni mkutano wa Munich wa Septemba 1938. Waziri Mkuu Neville Chamberlain, pamoja na Daladier wa Ufaransa na Mussolini wa Italia, walikubali Hitler achukue Sudetenland, eneo la mpakani la Czechoslovakia lililokuwa na wakazi wengi wanaozungumza Kijerumani. Wenye nchi hawakuketi mezani; waliletewa uamuzi. Chamberlain akarudi London na karatasi iliyotiwa saini na Hitler, akatangaza kwamba ameleta amani. Machi 1939 wanajeshi wa Ujerumani waliingia Prague. Septemba mwaka huohuo wakaivamia Poland, na Uingereza ikawa vitani.

Tangu hapo neno hilo halijapona. Mwanasiasa wa Uingereza au Marekani akitaka kumwita mpinzani wake mwoga, humwita appeaser. Ndani yake mna mambo mawili: kumpa mtu mwenye nguvu anachokidai kwa vitisho, na mara nyingi kumpa kisichokuwa chako. Hili la pili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu huku kwetu pia hutokea. Mkubwa mmoja akikasirika, mtu wa chini anatolewa kafara ili hasira ya mkubwa ipungue. Hapo andika appease kwa moyo mweupe, maana ndicho kilichotendeka. Lisalie huko, na kwenye njaa na miungu, ambako Waingereza bado hulitumia bila lawama.

Pacify ndilo ninalolipinga kwa nguvu zote linapotumiwa kwa watu wazima. Wakoloni walipopeleka bunduki kwa watu waliokataa kutawaliwa, kazi hiyo waliiita pacification, yaani kuleta amani. Wanandi wa Kenya waliwapinga Waingereza kwa zaidi ya miaka kumi, katika kipindi ambacho Reli ya Uganda ilikuwa ikipita ardhini mwao kuelekea Kisumu, ilikofika mwaka 1901. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alikwenda kukutana na Kapteni Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa mapatano. Alipigwa risasi papo hapo, na baadhi ya watu wake wakauawa pamoja naye. Baada ya hapo upinzani ulivunjwa, watu wakaondolewa kwenye sehemu ya ardhi yao, na nchi ikahesabiwa kuwa imetulia.

Upande wa pili wa neno hilohilo ni wa kitoto. Marekani, pacifier ni ile chuchu ya plastiki anayowekewa mtoto mdomoni ili asilie. Yaani unayem-pacify ama unamwelekezea mtutu, ama unamnyonyesha plastiki. Kwa vyovyote vile, hakuna anayemuuliza analilia nini.

Sasa chukua gazeti la Kiingereza la hapa kwetu linaloandika kwamba maofisa walifika "to pacify the workers". Wafanyakazi hao hawajalipwa mishahara. Wana dai, na dai lina tarehe na kiasi cha pesa. Neno moja limeligeuza dai kuwa ghasia. Angalau Kiswahili chetu, tunapotaja Kikosi cha Kutuliza Ghasia, kinasema kinachotulizwa ni ghasia. Watu hawamo kwenye jina hilo. Waandishi wetu wa Kiingereza wangeandika tu kwamba maofisa walikwenda kuzungumza na wafanyakazi, kama kweli walizungumza nao.

Placate na mollify hazina historia nzito namna hiyo. Placate ni kumtuliza mtu kwa kumpa au kumwahidi kitu, na mara nyingi mwandishi anadokeza kwamba kitu hicho hakitoshi. Mollify lina ulaini ndani yake, na kwa Kiingereza cha leo utalikuta zaidi kwenye ukanushi: maelezo yalitolewa, lakini "she was not mollified". Nalipenda kwa kazi hiyo, kwani linamwachia mwenye hasira heshima yake. Alisikiliza, akapima, akaona hapana.

Assuage linataka hisia, halitaki mtu. Unaandika assuage her anger. Ukiandika assuage her, sentensi inachechemea. Soothe ni la mtoto, la kidonda na la mishipa ya fahamu iliyochoka, na mteja anayedai pesa zake halimfai. Conciliate halisemwi sana, ila conciliatory utalisikia kila siku, barua au sauti inapokuwa na nia ya kupatana. Sheria ya mahusiano ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 imeitumia conciliation kwa usuluhishi wa migogoro. Ya Tanzania ya mwaka 2004 ikachagua mediation, na kumpa msuluhishi siku 30 za kumaliza shauri. Katika maneno hayo mawili kuna pande mbili zenye madai, na kila upande una kiti chake mezani. Ndiyo maana nayapenda kuliko yote niliyotaja.

Kuna kipimo ninachowapa vijana ninaofanya nao kazi: jaribu kumwambia neno hilo mwenye hasira mwenyewe, uso kwa uso. "Madam, we would like to placate you." Atazidi kuwaka. "We would like to appease you", hivyo hivyo. Kwa Kiswahili tunaweza kumwambia mtu "punguza munkari, mama, tuzungumze", na kama tumelisema kwa adabu atakaa chini. Maneno haya ya Kiingereza husemwa nyuma ya mgongo wa mtu. Na barua pepe za siku hizi hufika kwa wasiokusudiwa: mgeni anaomba nakala ya ripoti kwa ajili ya bima, anasoma kwamba alikuwa "appeased", na hasira iliyokwisha inaanza upya.

Kwa hiyo sentensi ile ya maji ya moto huwa naiandika hivi: "We apologised, repaired the heater the same evening and offered her dinner, which she accepted." Imekuwa ndefu kidogo, lakini kila kilichotendeka kimo. Na kama hita haikutengenezwa, mwandishi atakwama kwenye kipande cha pili, atalazimika kunyanyua simu na kumuuliza fundi.