Drafti ya Ngamiani ilivyovunjwa na mpira wa mafuta

Ba'mdogo wangu ana Honda XL125 ambayo ukimuuliza ni ya mwaka gani anakujibu "ya serikali". Aliinunua mnadani enzi zile yuko bwana shamba Muheza, na mpaka leo kiki moja inawaka, ikiamka vibaya tatu. Shida ikaja kwenye mpira wa mafuta, ule unaotoka kwenye koki kwenda kwenye kabureta, ulikuwa umepasuka pasuka mwishoni unadondosha tone tone, na kwa vile pikipiki inalala sebuleni (usiniulize) nyumba nzima ikawa inanuka petroli, mpaka mamdogo akasema achague moja, pikipiki au chakula cha usiku, maana jiko la mkaa anawasha yeye.

Sasa kampira kenyewe hakazidi shubiri, ila hapo ndio ukajua Tanga nzima ni mafundi.

Duka la kwanza kijana akasema ya Boxer ipo, ya SanLG ipo, hiyo yenu ni ya nani? Akatoa mpira mweupe wa plastiki unaoonyesha ndani, akasema chukua huu mzee, unaona mafuta yanavyopita. Ba'mdogo alikufa na hilo neno. Usiku anashika tochi anafungua koki anatazama mafuta yakipita. Tundu lilikuwa kubwa kuliko pua ya koki, fundi akakaza kwa vipande vya chubu ya baiskeli, halafu akauacha mrefu "wa akiba", ukapanda juu kwanza ndio ukashuka. Na pikipiki ya zamani vile haina pampu bwana, petroli inateremka kwa uzito wake tu, ukiipandisha mlima hewa inakaa pale juu na mafuta yanakwama. Basi ikawa inatembea mpaka bakuli la kabureta linakauka, inazima, unaisukuma kivulini, bakuli linajaa polepole, inawaka tena haina hata aibu. Plagi ikabadilishwa, kabureta ikafunguliwa ikaoshwa, jirani akashauri tuangalie nani kamhusudu. Kuja kustuka ule mpira umekuwa wa njano umekakamaa, ukiugonga unalia ko ko, maana plastiki ile ina dawa ya kuilainisha na petroli inainyonya yote.

Mdogo wangu wa chuo akasema niachieni mie. Akaleta mpira wa silikoni, mwekundu, laini, bei yake mngekula biriani watu watatu. "Ba, huu hadi magari ya mashindano wanatumia!" Kweli wanatumia, kwenye maji ya rejeta. Silikoni moto inauweza, petroli ndio haiiwezi, inainywa inavimba. Hilo siku ile alikuwa analijua nani, labda petroli yenyewe.

Jumapili ba'mdogo kajaza tangi, kaja nayo kijiweni Ngamiani, kaiegesha kabisa ubavuni mwa benchi ili wazee wauone mpira mwekundu. Koki hakufunga, huwa hafungi, eti Muheza alikuwa hafungi. Akakaa kucheza drafti na mzee mmoja mstaafu wa bandarini ambaye hajawahi kufungwa, kwa maelezo yake mwenyewe. Siku hiyo ba'mdogo ana kingi mbili na mzee kabakiwa na vizibo viwili vya soda, anavitazama tu anaguna.

Huku nyuma silikoni imeshashiba. Klipu haikuwekwa kwa sababu "inabana yenyewe", ikachomoka taratibu kwenye pua ya koki bila hata kelele, petroli ikateremka kwenye injini, ikaingia mchangani, ikajitafutia njia hadi chini ya benchi. Watu wakaanza kunusa na kutazamana. Mmoja akasema hiyo jenereta ya saluni.

Ndio tukasikia vikombe, ka-ling ka-ling ka-ling.

Muuza kahawa huyo, na dele lake, na chini ya dele mkaa umekolea, upepo wa bahari unaupepea cheche zinaruka. Anakuja kwa madaha, wateja wake wote wako pale. Mie ndio niliyeangalia chini nikaona, nikataka kupiga kelele "simama!", wallahi ikatoka "kahawaa!"

"Naam, naletaa!" Akaongeza mwendo.

Mzee wa goti bovu ndiye aliyevuka barabara wa kwanza, bakora tulimpelekea baadaye. Wazee wote wanamkimbilia muuza kahawa wanapunga mikono, rudi, rudi! Naye kuona kundi la watu linamjia mbio akajua mgambo wa jiji, akageuka akatoka nduki na mkaa wake, vikombe vinalia hukoo vinapotelea uchochoroni. Hiyo ndiyo salama yetu. Ba'mdogo peke yake alirukia koki akafunga, kalowa petroli mpaka kwenye makubazi.

Kesho yake fundi wa malori akanituma duka la spea za magari, nipime pua ya koki kwanza, nitake mpira mweusi wa robo inchi wenye nyuzi ndani, ubavuni umeandikwa SAE 30R7, ule ni wa petroli hasa. Ukakatwa mfupi, unashuka tu haupandi popote, klipu huku na huku. Hela yake ndogo mpaka inaudhi.

Kesi iliyobaki ni ya drafti. Mzee wa bandarini katika kukimbia alipiga ubao teke, vizibo vikatawanyika, sasa anasema ilikuwa sare. Ba'mdogo kila akipita anamuonyesha vidole viwili, kingi mbili. Na muuza kahawa dele zima lilimwagika njiani, anataka alipwe, wazee wakakaa kikao wakaamua deni ni langu, kwa sababu mie ndiye niliyeagiza.