Buibui ndani ya almasi: sasa sikieni yangu

Haya. Kwa kuwa yule ninayemwita rafiki ameshawasimulia jinsi nilivyopiga mayowe dukani kwa sonara nilipokwenda kununua almasi ya pete, na kwa kuwa tangu juzi simu yangu haipumui kwa picha za buibui mnazonitumia, ngoja niseme mwenyewe. Habari yake ina uongo wa aina mbili. Kwanza, sikupiga mayowe. Nilipaza sauti. Pili, sikusema almasi "imevaa buibui". Nilisema ina buibui ndani, mdudu, mwenye miguu. Hayo ni mambo mawili tofauti na naomba tofauti hiyo iheshimiwe.

Chanzo ni mwenzangu, yule ninayetaka kufunga naye ndoa. Hapendi vitu vya kumetameta. Siku moja tunaongea mambo mengine kabisa, akachukua kalamu akachora mraba nyuma ya risiti. Ndani yake akachora mraba mdogo, na ndani ya huo mwingine mdogo zaidi. Kisha akazikata pembe zote nne. "Mimi ningekuwa mtu wa kuvaa pete, ningevaa hii," akasema, akaendelea na habari zake. Alipogeuka nikaitia ile risiti mfukoni kama mwizi.

Kumbe mchoro ule una jina. Ni mkato wa Asscher, uliobuniwa na Joseph Asscher wa Amsterdam mwaka 1902. Almasi za mviringo tulizozoea hujaa vinyuso vidogovidogo vinavyorusha cheche huku na huku. Hii ni ya ngazi: nyuso ndefu zimepangwa moja chini ya nyingine, na pembe zimechongwa mpaka mraba unakaribia kuwa na pande nane. Ukiitazama kwa juu ni kama unachungulia kisima cha mraba. Haikurushii cheche machoni. Inakuita uiname.

Na mimi nikainama. Tutafika huko.

Usiku wa kuamkia siku ya kwenda kwa sonara nikasoma mpaka jogoo. Ningekwenda mjinga ningerudi salama, lakini nilikwenda nimesoma. Katika yote niliyosoma, moja lilininasa: mkato wa ngazi hauna siri. Almasi ya mviringo ikiwa na kidoa ndani, zile cheche zinakifunika, hakuna anayejua. Hii ni dirisha. Doa likikaa katikati, utaamkia nalo kila siku ya ndoa yako. Ndiyo maana wajuzi wanakwambia usafi usishuke chini ya daraja la VS2, yaani la vidoa vidogo sana, na rangi nayo uikazie macho, maana unjano kidogo tu unajitangaza. Nikajiapiza: mimi hawanipati. Doa likiwepo nitaliona.

Asubuhi nikaoga, nikavaa shati la maana, nikajipaka mafuta usoni na mikononi mpaka naakisi taa. Nilitaka nifanane na mtu mwenye uwezo. Hilo la mafuta liwekeni akiba.

Rafiki nilimchukua awe shahidi. Nimesema ninachojutia? Bado? Ni hicho.

Sonara ni mzee mpole, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nikamwamkia, akaitikia, akatuketisha. Mtu mwenye akili hapo angesema shida yake akanyamaza. Mimi nikaanza kumfundisha. Nikamweleza mzee wa watu, aliyezeekea kwenye vito, kwamba huyu Asscher ndiye aliyepewa kuipasua Cullinan mwaka 1908, almasi iliyookotwa Afrika Kusini mwaka 1905, karati 3,106, sawa na gramu 621, zaidi ya nusu kilo! Kwamba pigo la kwanza lilivunja kisu, almasi ikabaki vilevile. Kwamba husimuliwa alipofanikiwa alizimia, ingawa wa ukoo wake walikana. Mzee akawa anaitikia tu, "Ndiyo, mwanangu," kwa upole wa mtu anayemsubiri mtoto amalize shairi.

Akaleta kito na cheti chake. Nikakinyakua cheti, jicho likatua moja kwa moja kwenye neno zumaridi.

"Mzee," nikasema, kwa ile sauti ya kumkamata mtu, "mimi niliomba almasi."

"Hiyo ni almasi."

"Hapa pameandikwa zumaridi."

"Soma na neno lililo mbele yake."

Mkato wa zumaridi, wa mraba. Maabara ya GIA, wapimaji wa vito, ndivyo inavyouandika kwenye vyeti vyake, jina la Asscher wanatuachia sisi wapenda hadithi. Rafiki akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Nikajiambia hilo ni dogo, litasahaulika. Nakuoneni mnaojiandaa kunikumbusha.

Sasa shikeni viti.

Mzee akakibana kito kwa kibano, akanipa kile kioo chao cha kukuzia mara 10, akanielekeza: kioo kiguse jicho, kito kisogezwe taratibu mpaka kionekane vizuri. Karati moja. Upana milimita tano na nusu hivi, uzito gramu 0.2. Niliposhika kibano niliona kama nimeshika hewa iliyogandishwa. Mikono ikaanza kutetemeka.

Mwanzoni niliona ukungu tu. Nikasogeza. Ukungu ukafunguka, ngazi zikatokea, moja, ya pili, ya tatu, zinashuka. Kukawa kimya humo ndani, sijui niseme vipi, kimya cha kuonekana kwa macho. Nikasogea zaidi, nikaacha kupumua. Na hapo, chini kabisa ya kisima, nikaiona.

Miguu. Minne, myembamba, mieusi, kila mmoja unatoka katikati kwenda kwenye pembe yake. Na palipokutana miguu pana kiwiliwili, cheusi tii.

Nikajituliza. Nikasema moyoni ni doa, nimelipata, ndilo nililolifuata. Nikainamisha kichwa kushoto nilione vizuri.

Likasogea kushoto.

Nikarudi kulia. Likanifuata.

"KUNA BUIBUI HUMU! YU HAI!"

Hayo ndiyo maneno, neno kwa neno, sitaki mabishano. Duka zima likageuka. Kulikuwa na mama na mtoto wake wa kama miaka mitano, kulikuwa na wachumba wawili wameshikana mikono wakaachana, na mlinzi mlangoni. Nami katika kuruka nyuma kiwiko kikagonga ukingo wa meza, kibano kikafyatuka, nikajishikiza kwa kiganja mezani nisianguke.

Almasi ikatoweka.

Gramu 0.2 ikianguka haisemi neno. Tulisikiliza, hakuna.

"Asisogee mtu," mzee akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Mlinzi akafunga mlango. Jasho likanitoka, nikajifuta kwa kiganja paji la uso, tukapiga magoti. Wote. Wachumba, mama wa watu, rafiki, mlinzi na tochi yake. Tukawa tunatambaa sakafuni kama watoto wachanga kwenye ibada ya dini isiyojulikana.

Na mzee, yuko magotini pembeni yangu, anapapasa chini ya meza, ndipo akachagua kunisomesha.

"Yule buibui ni wewe," akaniambia.

"Shikamoo?" Ndiyo, nilimwamkia mara ya pili. Sikuwa na neno jingine.

"Mkato huu ni vioo vitupu. Ukiusogelea hivyo, kichwa chako kinaziba mwanga, na kito kinakurudishia giza lako mwenyewe. Ndiyo maana ukisogea kinasogea. Na ile miguu minne ni mistari ya pembe. Wenyewe huifananisha na mapanga ya kinu cha upepo. Ikikaa sawasawa namna ile, fundi alijua kazi yake. Watu huitafuta hiyo miguu, mwanangu."

Dakika kumi. Rafiki akavuliwa viatu. Mapindo ya suruali yakakung'utwa. Mimi nikaambiwa nitoe vya mfukoni, nikatoa: funguo, leso ambayo sijui kwa nini sikuitumia, na ile risiti yenye mchoro. Yule mwanamke mchumba akaiokota, akaitazama, akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama dari. Kama kuna ndoa imevunjika siku hiyo, mnisamehe.

Kisha nikaona macho ya mlinzi yamebadilika. Mnayajua yale macho. Nikasimama, nikamkabili mzee uso kwa uso, chini ya taa zake kali, nikainua mkono.

"Mzee wangu, naapa mbele ya Mungu, nikague popote. Almasi yako sina."

Mzee akanitazama kwa huruma. Miwani bado iko kifuani. Mlinzi akanitazama. Nami nikashikilia uso wangu pale, wazi, mnyofu, uso wa mtu asiye na hatia.

Mtoto akamvuta mama yake nguo.

"Mama, mbona anko ana nyota hapa?"

Akajigusa juu ya nyusi.

Hakuna aliyesema kitu. Mzee akaipandisha miwani yake, taratibu, sikio moja kwanza, kisha la pili. Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Akachukua kibano. Akanishika kidevu kwa mkono wa kushoto, kama mama anayemfuta mtoto makamasi, akang'oa kwenye paji langu la uso karati moja nzima.

Rafiki alilala sakafuni. Simsingizii, alilala kabisa, chali, bila viatu.

"Almasi hupenda mafuta," mzee akasema huku akiifuta. Akaeleza, safari hii kwa duka zima, kwamba migodini walikuwa wakipaka grisi kwenye meza, wakapitisha kokoto na maji juu yake: mawe mengine yanasombwa, almasi zinanasa. Ilikuwa imeangukia mezani, kiganja changu kikaibeba, nikaihamishia usoni kwa mkono wangu mwenyewe. "Wewe," akamalizia, "wangekuajiri."

Yaliyobaki ni mafupi. Mlango ukafunguliwa. Nikamwomba mzee niione tena, safari hii bila kioo, mkono umenyooka, kichwa mbali. Buibui hakuwepo. Ilikuwa miraba tu, mmoja ndani ya mwingine, imetulia, sawa kabisa na nyuma ya risiti. Nikalipa kabla sijafungua mdomo tena. Kito kitashikwa kwa kucha nne, moja kila pembe. Kipimo cha kidole nilikuwa nimekipata kwa njia ambazo nimeshakiri ni za mwizi.

Mpango ulikuwa iwe siri mpaka pete iwe tayari. Lakini mnajua tayari kilichotokea, maana nyie mlisoma habari ya rafiki saa ileile aliyoisoma mwenzangu. Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa, simu mkononi, machozi yanamtoka, na nikataka kuamini ni ya mapenzi. Hakuwa hata na uwezo wa kusema. Akanyoosha kidole, akanigusa juu ya nyusi, akaanza upya.

Alipopata pumzi aliuliza swali moja tu: "Pembe zimekatwa?"

Nikasema zimekatwa.

"Basi niletee buibui wangu."

Hilo nimelihesabu kuwa ni ndiyo, na wenye sheria msiniharibie. Pete itakuwa tayari Jumamosi. Leo asubuhi mzee amenitumia ujumbe wa kunikumbusha: nije na stakabadhi, nije peke yangu, nije nimenawa uso kwa sabuni.