Buster Keaton hakuwa na huzuni, alikuwa kazini

Kila nikisoma Buster Keaton, yule nyota Mmarekani wa filamu za kimya asiyecheka kwenye picha, akiitwa "mchekeshaji mwenye huzuni" nakereka kidogo. Yule bwana hakununa. Alikuwa kazini.

Alizaliwa mwaka 1895 huko Piqua, Kansas, na akiwa bado mdogo kabisa wazazi wake walimpandisha jukwaani. Igizo lao lilikuwa jepesi: mtoto mtundu, baba mwenye hasira. Mgongoni mwa nguo zake kilishonwa kishikio kama cha sanduku la safari, baba apate pa kumkamata akimvurumisha. (Leo hii hiyo ni kesi ya polisi. Hata enzi zile watetezi wa watoto waliwaandama wazazi hao.) Humo katika kurushwarushwa ndimo mtoto alimogundua siri: akicheka yeye, ukumbi unapoa; akikaza uso, watu wanavunjika mbavu. Basi akaukaza maisha yake yote.

Itazame ile nyumba kwenye filamu yake Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928. Kimbunga kinavuma, na ukuta wote wa mbele unamwangukia. Inasemekana ulikuwa na uzito wa tani mbili. Keaton kasimama mahali hasa ambapo dirisha la juu litatua, na kati ya fremu na mabega yake hamna hata upana wa kiganja. Hakuna ujanja wa kamera pale. Ukuta unapiga chini, vumbi linatimka, yeye yuko wima ndani ya dirisha, uso uleule.

Mwaka huohuo akaiacha studio yake, akasaini mkataba na MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote katika kazi yake. Wengi husema sinema za sauti ndizo zilizommaliza. Mimi sikubali. Sauti yake nzito ilikuwa nzuri tu, na filamu zake za kuongea ziliuza vizuri. Alichopokonywa ni utaratibu wake wa kazi: pale mwanzo alikaa na watu wake, wakaachana na karatasi, wakatafuta kichekesho humohumo kwenye mandhari. Kule MGM akakabidhiwa muswada ulioandikwa na wengine, kisha akaambiwa asianguke mwenyewe, maana yeye ni mali ya kampuni. Keaton asianguke! Ni kama kumwajiri mpishi ukamkataza kugusa sufuria. Ndoa ikavunjika, pombe ikamzidi, na mwaka 1933 wakamfukuza.

Heshima ilimrudia uzeeni, Oscar ya heshima mwaka 1960 ikiwemo, miaka sita kabla hajafa.

Ila mimi hurudia Sherlock, Jr. ya mwaka 1924. Ananing'inia kwenye bomba la tangi la maji ya treni, maji yanafoka, yanambwaga kisogo kwenye reli. Anainuka na kutimua mbio hadi anatoka kwenye picha. Miaka mingi baadaye daktari alimpiga eksirei, akamuuliza ni lini alivunjika shingo.