Acheni kujaza velositi 127 kwenye kila nota

Kuna tabia kwenye studio zetu za hapa Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka Igoma, inaniuma kweli. Prodyuza akishamaliza kupiga kinanda anafungua piano roli, yaani dirisha la kompyuta linaloonyesha nota zilizopigwa, anachagua nota zote kwa pamoja, anavuta velositi mpaka 127, alafu akiona mziki umekuwa kelele anashusha fada, ile ya kuteleza inayopandisha na kushusha sauti. Ukimuuliza anakwambia si sauti tu hiyo, iwe kubwa au ndogo. Hapana kaka, velositi na volyumu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Velositi ni jinsi kidole kilivyoingia kwenye kii, kwa kasi au taratibu. Tangu MIDI, ile lugha ya vinanda na kompyuta kuwasiliana, ianze mwaka 1983 hiyo kasi inaandikwa kwa namba, 1 mpaka 127, na kwenye sampo nzuri, yaani sauti za ala halisi zilizorekodiwa, ile namba ndo inaamua mpaka rekodi gani ichezwe, piano iliyoguswa taratibu inatoka laini, iliyopigwa kwa nguvu inatoka kali inang'aa. Volyumu inakuja baadae, inaikuta sauti imeshatoka, inaipandisha au kuishusha basi. Kwahiyo ukiweka 127 alafu ukashusha fada umepata mtu anayefoka akiwa mbali, na wewe ulitaka mtu anayenong'ona.

Panaponiuma zaidi ni kwenye ngoma. Sisi tuko Usukumani jamani! Nenda Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, usikilize ngoma za bugobogobo zikipigwa, kuna pigo linakushika kifua na kuna mapigo ya katikati yanayogusa tu ngozi, na hayo madogo ndo yanafanya mtu acheze. Sasa biti inayosema ina ladha ya Kisukuma unakuta kila pigo 127, mguu hausogei. Pigo kubwa liache kwenye 110 hivi, yale ya katikati yashushe 40 au 55, usikilize utofauti. Na ile batani ya humanaizi mimi siiamini sana, inachanganya namba kibahati tu, haijui pigo gani ni zito.

Kwa wanaorekodi kwaya, hii ni yenu. Vayolini za kinanda zikitakiwa kuvimba polepole kibwagizo kikiingia, velositi haikusaidii, maana nota ikishapigwa velositi yake imeshapita. Hapo chora CC11, yaani ekspresheni (CC ni amri za MIDI zinazobadilisha sauti nota ikiendelea), ipande na kushuka humohumo ndani ya nota. CC7 ndo volyumu ya chaneli nzima, mimi naiacha itulie ili mikisi isije kuvurugika. Na sauti ya ogani mara nyingi haisikii velositi kabisa, hata ufanyeje, ile inaendeshwa na pedali ya ekspresheni, kwahiyo usipoteze muda kuhariri nota moja moja.

Kinanda nacho kikague. Kama hata ukigusa polepole bado kinatoa namba za juu, ingia kwenye setingi ubadili kavu ya velositi (velocity curve, jinsi kinanda kinavyogeuza mguso kuwa namba) kabla hujarekodi, inaokoa kazi nyingi sana. Vile vya bei chee visivyosikia mguso vinatoa namba ileile muda wote, hapo hakuna ujanja, chukua mausi uchore mwenyewe, anza na ngoma kwanza, vingine vitafuata.