Baiodizeli ya nyumbani hapa Kigoma: kaka yetu ana hoja, na mama wa mawese naye ana yake

Kuna kaka mmoja wa Ujiji amerudi nyumbani baada ya miaka 12 Marekani, na tangu amerudi wimbo wake ni mmoja tu, baiodizeli, yaani mafuta ya mimea yaliyogeuzwa yatumike kwenye injini ya dizeli. Anasema watu wa Kigoma tumekalia mawese halafu tunasubiri dizeli itoke Dar, kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli, ikifika huku bei imeshapanda na kule vijiji vya ziwani kama Kalya na Buhingu inapanda tena. Yeye kule alikuwa anatengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, anaendeshea pickup yake miaka minne. Sasa anataka kila kijiji chenye michikichi kiwe na pipa lake la kuitengenezea.

Mi ni fundi wa pampu na nozeli za dizeli, nipo Mwanga, kwa hiyo kaja gereji kwangu mara nyingi sana tumebishana mpaka giza. Nimeona watu wamegawanyika, wapo wanaomwona mkombozi na wapo wanaosema kama ulaya kulikuwa na hela si angebaki huko huko. Hili la pili silipendi kabisa nalisema wazi, mtu karudi na ujuzi na akiba yake kidogo anataka kufanya kitu kwao, tusimvunje moyo kwa maneno ya kijiweni. Ila kumpenda mtu sio kukubali kila anachosema, ndo maana naandika.

Kwanza kitu chenyewe kinafanya kazi, tusibishane hapo. Injini ya dizeli kutumia mafuta ya mimea sio habari mpya, kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ya Rudolf Diesel ilionyeshwa ikitembea kwa mafuta ya karanga. Tatizo la mafuta ghafi ni uzito, yanaziba nozeli na kuacha masizi, kwa hiyo unayapunguza uzito kwa dawa. Mahesabu yake ni kama hivi: mafuta lita 100, methanoli (aina ya pombe ya viwandani, ni sumu) lita 20, kostiki soda isiyofika nusu kilo kama mafuta ni safi. Kostiki unaiyeyusha kwenye methanoli kwanza, mafuta unayapasha mpaka nyuzi 55 hivi, unachanganya kama saa nzima, unaacha yatulie usiku. Asubuhi chini unakuta gliserini nzito nyeusi, juu ndo baiodizeli, unaitenga unaiosha kwa maji unaikausha. Nimeona kwa macho yangu, tuliweka lita tano kwenye mashine ya kusaga ya Lister ikawaka bila shida, moshi mdogo kuliko wa dizeli na mtaa mzima ukanukia maandazi.

Sasa njoo batch ya pili. Ile ya kwanza alitumia mafuta safi ya dukani ya kopo. Ya pili akasema tutumie mawese ya kwetu, akanunua dumu mbili kwa mama mmoja anayekamua kule Simbo. Ikatoka uji. Yaani sabuni laini pipa zima, haitengani, unaikoroga inazidi kuwa nzito. Yule mama alipoletewa habari akasema, mwanangu hiyo si kazi yangu ya kila wiki, ungeniambia unataka sabuni ningekupikia. Na yuko sahihi, maana mawese ya kienyeji chikichi hukaa siku kadhaa limefunikwa ili lipukutike kirahisi ndo lichemshwe na kutwangwa, na katika hizo siku asidi inapanda, na mafuta yenye asidi ukiyakutanisha na kostiki yanageuka sabuni. Ndo kanuni ile ile ya gwanji, sabuni yetu ya kienyeji ya mawese. Dawa yake ipo, unapima asidi kwanza, ikiwa juu unapitisha asidi kali kabla ya kostiki, au unakamua chikichi siku ile ile limekatwa. Lakini hapo tayari tumetoka kwenye "rahisi kila mtu anaweza" tumeingia kwenye maabara.

Lakini tuseme hilo tumelishinda, ujuzi unafundishika. Kinachonisumbua mimi zaidi ni hesabu ya mafuta yenyewe. Nilimuuliza kule Marekani ulikuwa unanunua mafuta shilingi ngapi, akasema bure. Migahawa inakaangia chips na kuku, mafuta yakichakaa wanayamwaga kwenye pipa nyuma na wanafurahi mtu akiyachukua. Hapo ndo siri nzima ilipo jamani. Teknolojia hii ya nyumbani ilikua juu ya mgongo wa mafuta yanayotupwa, na sisi hatutupi mafuta. Nenda kwa mama chips wa Mwanga au Kibirizi muulize mafuta yake ya jana yako wapi, atakuonyesha karai, yapo, yanaendelea na kazi, na yakipungua anaongezea. Kukusanya lita 100 za mafuta chakavu Kigoma mjini utazunguka wiki na bado utakuwa unayanunua.

Basi yanabaki mawese. Nenda sokoni mwenyewe uulize lita moja ya mawese halafu pita kituo cha mafuta uulize dizeli. Mimi nimekuwa nikiangalia, siku nyingi mawese yako sawa na dizeli au juu. Weka hapo methanoli ya kuagiza Dar, kostiki, kuni, siku mbili za mtu, na usisahau lita ya baiodizeli ina nguvu pungufu kidogo kuliko ya dizeli, karibu sehemu moja ya kumi. Umenunua chakula kwa bei kubwa ukakichoma kwa bei ndogo.

Kaka hapo ananijibu Indonesia. Na ni jibu zuri, wale kweli walilazimisha dizeli yao ichanganywe na mafuta ya mawese, asilimia 35 mwaka 2023 na 40 mwaka 2025. Ila Indonesia ndo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, wana ziada ya kuuza nje, na hata wao mwaka 2022 mafuta ya kupikia yaliwasumbua nyumbani kwa bei mpaka wakafunga kuuza nje kwa wiki kadhaa. Sisi Tanzania bado tunaagiza mafuta ya kula kutoka huko huko! Ile kampeni ya michikichi aliyoisimamia Majaliwa kuanzia 2018 alipokuwa Waziri Mkuu, na miche ya tenera (michikichi chotara yenye mafuta mengi) inayotoka kituo cha utafiti cha Kihinga, lengo lake lilikuwa tuache kuagiza mafuta ya kula. Tukianza kupeleka mawese kwenye pampu kabla sufuria hazijatosha, wa kwanza kuumia ni mtu anayenunua mawese ya kupima kwa kikombe.

Kuna jambo lingine nimemwambia mara nyingi na nitarudia hapa maana ni la uhai. Methanoli. Kwa macho ni kama maji tu, ila inanukia pombe, na kwetu dumu lisilo na maandishi lenye kitu kinachonukia pombe halikai salama. Kiasi kidogo tu kinapofua macho na kikizidi kidogo kinaua, na mvuke wake unawaka moto hata huoni muali vizuri mchana. Kule alikuwa na stoo yenye kufuli, na karatasi ya onyo kila pipa. Hapa unataka kuiweka kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye watoto saba na mjomba mlevi? Kuna kijana aliuliza kwa nini tusitumie gongo badala yake. Haiwezi, gongo ina maji, na maji yanaharibu mchanganyiko unapata sabuni tena, labda uikaushe maji yote na hiyo nyumbani hufanyi.

Na wavuvi wasidanganywe, nimesikia ahadi zinatolewa Kibirizi. Injini za maboti ya dagaa nyingi ni za petroli, baiodizeli haiingii kule hata tone. Bodaboda vile vile. Pickup mpya za presha kubwa nazo msiziguse, nozeli zake bei yake unaweza kuuza kiwanja. Zinazofaa ni mashine za zamani za kusaga, za kukamulia, jenereta zile nzito, trekta la zamani. Hata hizo wiki za kwanza zitaziba filta, sio kwamba mafuta mabaya, ni kwamba baiodizeli inaosha uchafu wa miaka kumi ulioganda kwenye tangi na kuushusha wote kwa pamoja, na mipira ya asili inalainika kwa hiyo paipu zibadilishwe mapema. Kasulu na Buhigwe kule juu, asubuhi za Juni na Julai mafuta haya yatakuwa mazito au kuganda kabisa kama mawese yanavyoganda kwenye chupa.

Mwisho kuna wanaosema hii itaishia kama mibono. Tunakumbuka Kisarawe, Sun Biofuels walipewa zaidi ya hekta 8,000 za kulima mibono kaburi ya kutengenezea mafuta ya injini, ikifika 2011 kampuni imekwama na wanakijiji wamebaki bila ardhi wala kazi. Mi naona sio sawa sawa, huyu kaka haombi ardhi ya mtu, anaomba pipa na fundi. Hasara yake ikitokea ni ya kwake na ni ndogo. Ila kuuza ni kitu kingine, ukianza kuuzia watu mafuta bila leseni, EWURA, wale wasimamizi wa biashara ya mafuta, hawatauliza ulisomea wapi.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu umekuwa huu, na nimemwambia uso kwa uso: kwa kijiji kisicho na umeme wa gridi, mbali na barabara, kwenye msimu ambao mawese yamejaa hayana mnunuzi na dizeli haijafika, mashine ya kusaga ya kijiji kuwa na pipa lake ina maana kabisa. Hapo akina mama hawatembei na mahindi kichwani masaa manne. Kwa Kigoma mjini kwenye kituo cha mafuta kila kona, hapana. Alikasirika, siku mbili hakuja gereji. Ya tatu akaja na daftari, akasema tutafute kijiji kimoja cha ziwani tujaribu msimu mmoja, tuandike kila lita na kila shilingi. Nimekubali. Masharti yangu ni mawili, filta nne za akiba zinunuliwe kabla hatujapanda boti, na methanoli isilale kwenye nyumba ya mtu. Yule mama wa Simbo naye tumemwomba aje, maana kujua mawese yameshachacha kiasi gani kwa kuonja na kunusa, yeye anatuzidi wote.