Njia moja ya theluji: kugawana au kutenganisha?

Kila majira ya baridi, kwenye milima ya Amerika Kaskazini, hurudi ubishi uleule. Watu wa skii (mbao ndefu za kuteleza zinazofungwa miguuni), watembea kwa miguu, waendesha baiskeli za matairi mapana na wenye pikipiki za theluji (mashine za injini zinazokwenda juu ya theluji kwa mkanda badala ya magurudumu) wapite njia moja, au kila kundi lipewe yake? Wengi huujibu kwa kutafuta nani ana haki zaidi. Sisi tunaona kwamba kinachopaswa kuulizwa kwanza ni theluji yenyewe iko katika hali gani saa hiyo.

Njia ya skii hutengenezwa. Jioni mashine huvunja tabaka la juu, huchanganya chembe na kuzishindilia, kisha chembe hizo huhitaji saa kadhaa za baridi ili zishikane. Mtu akipita kabla hazijashikana, au mchana jua likiisha kuzilainisha, buti huzama. Usiku shimo lile huganda likawa gumu kama jiwe, na asubuhi ncha ya skii hunasa humo. Aliyeona lori likikata makorongo kwenye barabara ya udongo wakati wa masika, kisha kiangazi kikayakausha vilevile, anaijua habari hii. Theluji ikiwa nene, mashine itasawazisha kwa kupita mara mbili tatu. Ikiwa nyembamba, meno yake huchimbua udongo na mawe, na dawa inakuwa mbaya kuliko ugonjwa.

Kwa hiyo wanaotaka watembea kwa miguu wapigwe marufuku kabisa hawasemi ovyo. Lakini asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, njia iliyoshikana vizuri humbeba mtu bila kuacha alama ya maana, na kumfukuza saa hiyo hakumlindi yeyote. Waendesha baiskeli wana kipimo kizuri: tairi la upana wa karibu sentimita 10, upepo chini ya psi 10 (pauni kwa inchi ya mraba), na likiacha mfuo wa kina cha zaidi ya sentimita 2.5, unageuza na kurudi. Tunakipenda kwa sababu kinapima njia, hakimpimi mtu. Mtembeaji naye akiona kisigino kinazama, avae viatu vya theluji, vile vyenye nyayo pana zisizozama, na ashike ukingo. Ila ile mifuo miwili inayochongwa kwa ajili ya skii isikanyagwe hata siku ya baridi kali, kwa kuwa hatua moja huibomoa.

Pikipiki za theluji ni suala jingine. Wenye nazo husema, na ni kweli, kwamba katika majimbo mengi ya Marekani ada zao za usajili ndizo zinazolipia kushindilia njia, na mtu wa skii huzitumia bure kufika mlimani. Akivunjika mguu ndani ya msitu, mara nyingi pikipiki ndiyo itakayomfuata. Hoja hii ina uzito. Lakini kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Kona inayoonekana kwa mita 40 humwachia dereva chini ya sekunde 2, naye amevaa helmeti, injini inanguruma, hasikii mtu akipiga kelele. Hapo adabu peke yake haiokoi.

Mwaka 2015 Idara ya Misitu ya Marekani iliagiza kila msitu wa taifa wenye theluji ya kutosha uainishe kwenye ramani mahali pikipiki hizi zinaporuhusiwa. Vail Pass, Colorado, eneo la ekari 55,000 hivi, linaonyesha jinsi inavyowezekana: wageni hulipa ada, sehemu nyingine zimefungwa kwa injini, nyingine ni za wote. Udhaifu wa ramani ni kwamba mstari wake haubadiliki ilhali theluji hubadilika kila siku. Ndiyo maana misitu mingine huongeza sharti la kina cha theluji, kama sentimita 30, kabla ya kuruhusu pikipiki.

Msimamo wetu: maegesho na njia ya tambarare vitumiwe na wote, kwa mwendo uliowekewa kikomo. Kwenye kona na miteremko, watenganishwe. Zaidi ya hapo, theluji huporomoka zaidi kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, na dereva anayepanda juu anaweza kuiangusha theluji juu ya mtu wa skii ambaye hajui yuko chini yake.

Na hata ramani ikiwatenganisha, vifaa vyao vya kutafutana chini ya theluji hutumia masafa mamoja, 457 kHz. Aliyefukiwa hutegemea zaidi dakika 15 za mwanzo, na ndani ya muda huo anayefika ni yule aliye karibu, awe na skii au pikipiki. Vikaguliwe maegeshoni kabla ya kuondoka: kila kifaa kiwe kimewashwa, kinatuma na kinapokea, na wakati wa kutafuta simu ikae angalau sentimita 50 mbali nacho, maana huvuruga mawimbi.