Saiti ya kila mutu, ama ya wenye mega za intaneti tu?

Ukiongea na mafundi wa saiti hapa Bukavu juu ya kutengeneza saiti ambayo hata mutu asiyeona anaweza kuitumia, jibu ni lile lile: mteja amelipa kidogo, anataka picha zinazotembea na logo kubwa, hayo mengine nitayafanya saa ngapi na nani atanilipa? Mi siwalaumu sana, juu wengi ni kijana mmoja na laptopu moja, umeme ukikatika anaenda kuomba kwa jirani.

Ila hapo kuko kitu wanachanganya. Ron Mace, ule mchoraji wa majengo wa Marekani aliyetembelea kiti cha magurudumu juu ya polio, yeye na wenzake wa North Carolina State University walitoa kanuni 7 za kuchora vitu vinavyofaa kila mutu mwaka 1997, na wazo lao ni umufikirie kila mutu tangu unachora, usingoje kuja kubomoa ngazi baadaye. Sisi tunaielewa bila kufundishwa, mji wetu ni vilima na ngazi, jaribu kusukuma kiti cha magurudumu Kadutu siku ya mvua uone. Kuandika maneno ya kueleza picha, kukoleza maandishi (WCAG, ule mwongozo wa dunia wa saiti zinazofaa kila mutu, unataka tofauti ya mwangaza wa maandishi na wa nyuma yake ifike 4.5 kwa 1), kuangalia kama kibodi peke yake inatosha bila mausi, ukifanya siku ya kwanza ni kazi ndogo sana, taabu inakuja ukirudi kurekebisha. Video ya lugha ya alama, hiyo sawa ni ghali, lakini WCAG yenyewe imeiweka kwenye daraja la juu kabisa, AAA, hakuna anayekudai uanzie kule.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Ukurasa uko Kiswahili, lakini ndani ya HTML, ile kodi ya ukurasa, fundi ameacha lang="fr", yaani lugha ni Kifaransa, juu alikopi modeli ya Kifaransa, basi asiyeona akifungua, programu inamsomea Kiswahili na mdomo wa Kifaransa, "watu" inakuwa "watü", anasikia makelele tu. Na NVDA, programu ya kumsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, ni ya bure, sauti ya eSpeak NG iliyo ndani yake inajua Kiswahili, zilikosekana herufi mbili tu: sw.

Sasa wanaoshika WCAG kama Biblia nao wananichosha. Hakuna kanuni hata moja mule inayohesabu mega! Saiti inaweza kupita mtihani wote na ukurasa wake uwe na uzito wa mega 8, na mama wa Kadutu mwenye macho yake mawili mazima abaki kuangalia duara inazunguka mpaka mega zinaisha. Hiyo nayo ni ngazi, sema tu haionekani.

Mi nikipewa siku moja tu ya ziada, asubuhi napunguza uzito wa picha, mchana naziandikia maelezo, ile lang naibadilisha nikingoja chai.